Nilivyouzunguka Mlima Kumleta Baba Ofisini

Mama Zuhura, wewe na wenzako wa sokoni mmenitaka niwasimulie safari hii, nami nimeianza mara nyingi nikashindwa kuimaliza. Kila nikifika pale basi lilipokwama, anatokea mteja anataka ndizi mbivu, na nikigeuka nyie mmeshaingia habari nyingine. Basi nimekaa chini na kalamu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini Kiswahili changu nilikuja nacho kutoka Rombo, si hiki chenu cha "kitabu yangu", kwa hiyo mwandiko mcheke, maneno msiyaguse. Asiyejua kusoma asomewe na Zuhura.

Mambo ya makaratasi nayaruka. Hata mimi yalinipa usingizi.

Tetu hadi Nyeri

Tulishuka na lori la maziwa, mimi na Baba Ndirangu, mume wangu, yeye akiwa ndani ya koti lake la Krismasi. Safari hiyo tumeizoea. Mimi ni mgeni katika nchi hii kwa karatasi, ijapokuwa hapa ndipo nilipozaa na hapa ndipo ninapozeeka, na pasi yangu ya kukaa na mume lazima igongwe mhuri upya kila inapokufa. Afisa wa zamani alikuwa mtu wa ng'ombe. Aliuliza kama wetu wanakamuliwa vizuri, akagonga mhuri, tukaenda kula maandazi.

Safari hii tukamkuta afisa mpya, kijana msafi, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hakuwa na ubaya. Alitaka cheti cha harusi ya kanisani, tukamwambia hatuna, sisi tulioana kwa mbuzi. Akasema siku hizi watu wanajifanya waume na wake kwa ajili ya pasi, na neno la mume peke yake halitoshi, maana mume anayetaka kupikiwa jioni atasema lolote. Baba Ndirangu akavimba ndani ya koti, lakini mimi niliona kijana kasema kweli.

Akataka tumletee yule aliyepokea mbuzi. Aje mwenyewe, asimame pale, aseme kwamba alinioza. Pasi ilikuwa inakufa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikifa kabla hajaja, nirudi kwetu.

Kwetu wapi? Mpaka wa Tanzania umefungwa miaka hii, hata barua za mama yangu hazinifikii. Na Tetu nina wajukuu watatu. Wa mwisho ni msichana, na mnajua desturi ya hapa: binti wa kwanza wa mwanangu anachukua jina langu. Kwa hiyo kuna mtoto wa Kikuyu anaitwa Manka, ana meno manne, akilia anasikika ng'ambo ya mto. Mimi Manka mkubwa niondolewe kwa lori, huyu mdogo abaki anaitwa jina la nani?

Sasa niwaambie aliyepokea mbuzi ni nani, kwa sababu hapo ndipo watu huniuliza maswali.

Baba Ndirangu alinitoa Moshi, alikokuwa dereva wa lori la kahawa, muda mfupi kabla ya uhuru. Baba yangu wa Rombo alikuwa amekwisha kupewa haki yake kwa desturi ya kwetu. Lakini tulipofika Tetu wazee wakakuna vichwa. Mke asiye na kwao karibu ni shida. Akiunguza chakula, walalamike kwa nani? Akipigwa, akimbilie wapi? Ndipo jirani mmoja wa ukoo mwingine, Mzee Muriithi, akasema yeye atanizaa.

Ndiyo, kunizaa. Kondoo alichinjwa. Nikaambiwa nivue viatu, na vilikuwa viatu vyekundu vya kifungo nilivyonunuliwa Moshi, sikutaka kuviacha, vikaenda wapi sijui mpaka nikavikuta jioni vimejaa matope. Mke wa Mzee Muriithi akanikalisha katikati ya magoti yake kama mtoto, nikafungwa ukanda wa ngozi mkononi, na nilipoinuka nilikuwa binti wa nyumba ile. Wiki hiyohiyo mbuzi wa mahari wakapelekwa kwa baba yangu huyo mpya, na siku ya kuozwa bwana harusi akapewa kisu akate bega la kondoo. Anatakiwa apate kiungo kwa mkato mmoja. Baba Ndirangu alikata kama anayepasua kuni, mpaka akina mama wakakaa chini kwa kucheka. Tangu siku hiyo hajalitaja bega la kondoo nyumbani kwangu.

Baadaye Mzee Muriithi alihamia upande wa Meru, akapata shamba juu kule ukingoni mwa msitu. Aliwahi kutuma neno kwamba mkwe aje amsaidie kusimamisha nyumba, kama wakwe wanavyofanya. Mgongo wa Baba Ndirangu ukauma. Nilipomwambia twende sote kumwita mzee, ukauma tena. Mgongo ule nimeishi nao, naujua, ukisikia harufu ya nyama unapona. Nikamwacha na ng'ombe wake.

Lakini nilijua naenda kwa mtu mwenye kinyongo. Kwa hiyo nikazunguka nyuma ya jikoni, nikakata sale. Ni ule mmea wa majani marefu niliotoka nao Rombo ukiwa kijiti, nikaupanda, ukanipenda. Kwetu, ukimkosea mtu au ukiwa na ombi zito, unampelekea jani la sale, na akilipokea hawezi kukukatalia. Nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikaliweka juu kabisa kwenye kiondo lisivunjike.

Kiganjo hadi Nanyuki

Treni ya Nanyuki ni behewa moja la abiria linalovutwa nyuma ya mizigo, na mzigo ndio bwana. Pale Kiganjo bwana steshini alituambia iko njiani. Nikafuma shingo ya sweta ya Manka. Nikamuuliza tena, akasema iko njiani. Nikafuma mkono mmoja. Mtu yule hakudanganya, treni lazima ilikuwa njiani mahali fulani.

Ndani nikaketi mkabala na mzee aliyekuwa mpishi wa mzungu Naro Moru siku za nyuma, na sasa alikuwa anapeleka kuku kwa binti yake. Akaniuliza kwetu ni wapi, maana Kikuyu changu kinaniuza. Nikamjibu natoka kwenye mlima mkubwa kuliko huu wao. Lo, nilikuwa nimechokoza behewa zima. Mpishi akasema mkubwa si kitu, huu wao Mungu anakaa juu yake. Nikamwambia na akae, lakini wetu una kichwa cha mviringo, umetulia, umejifunika theluji kama mama mwenye kitambaa, na huu wenu umevunjika meno. Mama mmoja wa nyuma akasema kama wetu ni mzuri hivyo mbona nimeukimbia. Nikasema nilifuata dereva wa lori, sikufuata mlima. Hapo wakacheka na vita vikaisha.

Karibu na Naro Moru tukasimama. Ng'ombe alikuwa amelala juu ya reli. Mwenye ng'ombe akaja, akamwita kwa jina lake, ng'ombe akamwangalia tu. Dereva akapiga honi, mwenye ng'ombe akamwomba asimtishe, ana mimba. Basi watu tukashuka, wanawake wa pale wakatokea na nduma za kuchemsha na chai ndani ya birika, tukala kando ya reli kama tuko harusini, mpaka yule mama mwenye mimba alipoinuka kwa hiari yake. Mpishi alinimegea hindi lake la kuchoma. Akasema kila mtu abaki na mlima wake.

Tulifika Nanyuki malori ya Meru yamekwisha kuondoka. Nikaingia kwenye mkahawa wa mama mmoja Msomali, nikaagiza chai. Chai ina harufu ya moshi. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba sufuria yake imeungua chini, nikamweleza inavyosuguliwa kwa majivu na maganda ya limau, kwa sababu naona vibaya mtu aharibikiwe biashara kwa kukosa wa kumwambia. Akanisikiliza hadi mwisho, ameshika kiuno. Kisha akaniambia yale ni maziwa ya ngamia, kibuyu chake kinafukizwa moshi makusudi, na watu wanatoka kambi ya jeshi kuifuata chai hiyo. Sikusema samahani. Niliomba kikombe cha pili. Akanilaza kwake na mabinti zake, na asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyenitafutia lori.

Nanyuki hadi Meru

Lori lilikuwa la kondoo, mimi nikapewa kiti cha mbele. Dereva alikuwa Mmeru, mtu wa maneno machache, shavu limejaa miraa. Barabara ile inapanda kwenye ngano, baridi inakupiga masikioni, na upande wa kushoto dunia inashuka mpaka chini kabisa kwenye jangwa, huoni mwisho. Mlima uko kulia. Kutoka Nyeri ulikuwa kulia, na huku kulia, ila sasa niliuona kwa nyuma, na ulikuwa kama jirani unayemwona kwa nyuma, unajua ni yeye lakini humkubali mara moja.

Dereva alikuwa akiliangalia lile jani langu kwa pembe ya jicho. Mwishowe akaniuliza kama nina kesi ya shamba. Nikasema sina, naenda kwa baba yangu kumwomba neno. Akasema, "Sawa, mama," kama mtu anavyomwambia mlevi sawa. Hapo ningemuuliza ningejiokolea mengi. Lakini mimi nilikuwa nahesabu jinsi nitakavyopiga magoti.

Kwa Baba

Nilipanda kwa miguu kutoka barabarani, udongo mwekundu umenishika viatu. Boma nililijua kwa kuuliza. Uani nilimkuta mwanamume wa makamo ananoa jembe, nikamtambua kwa paji la uso: Githinji, kifungua mimba wa mzee, aliyekuwa mtoto wa kuchunga mbuzi nilipozaliwa katika nyumba yao. Nikamwambia mimi ni Manka, dada yako wa Tetu. Akafurahi, nawaambia kweli, alianza kufurahi. Kisha macho yake yakateremka kwenye kiondo. Uso ukafunga kama duka.

"Hatuna dada," akasema. "Baba alizaa wanaume pekee."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Akaninyang'anya lile jani, akalirusha kwa mbuzi, na mbuzi mmoja akalitafuna mbele ya macho yangu, fundo na yote. Sale niliyotoka nayo ng'ambo ya mlima. Nikamwambia Githinji maneno ambayo sitayaandika kwa kuwa Zuhura ni mtoto. Naye akazidi kusema hanijui, hajawahi kuniona, na kama nina shauri niende kwa chifu.

Fikirini wenzangu. Nimekuja kutafuta watu wa kusema mimi ni wao, na mtu wa kwanza ninayemkuta ananiambia si wetu. Nilikaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Nilimwona Manka mdogo kule Tetu anajifunza kutembea kwa kushika sketi ya mtu mwingine.

Mzee Muriithi akarudi kutoka kisimani. Amekonda, fimbo imekuwa mguu wa tatu, lakini macho ni yaleyale. Githinji akamkimbilia na kumnong'oneza. Mzee akaja akasimama mbele yangu, hakunipa mkono.

"Unataka kupanda wapi?" akaniuliza.

"Kupanda nini, baba?"

"Lile jani ulilokuja nalo."

Ndipo ikatoka. Huko kwao mmea ule unapandwa mpakani mwa shamba na mpakani pekee. Jirani yao alikuwa amewasumbua kwa kuuhamisha usiku, wakavutana mbele ya wazee mpaka wakachoka. Sasa anatokea binti wa siku nyingi, aliyezaliwa kwa kondoo na ana haki kama mtoto, amebeba alama ya mpaka kiondoni. Githinji aliona nimekuja kukata fungu langu.

Nikawaeleza. Nikasema kwetu Rombo, ukimletea mtu jani hili hawezi kukukatalia.

Mzee akasema, "Huku ukimletea mtu jani hilo, anatafuta panga."

"Sitaki shamba," nikamwambia. "Ninalo la mume wangu na limenivunja kiuno. Nataka baba. Uje Nyeri, usimame mbele ya afisa, useme mimi ni mtoto wako, la sivyo Ijumaa nafukuzwa."

Mzee akauliza, taratibu, ni nani aliyesema mimi si wake. Githinji alikuwa amevua kofia yake na anaikagua ndani kama aliyepoteza kitu humo.

Tulichinjiwa mbuzi, yuleyule aliyekula jani langu, hilo nililiomba mimi. Na mzee akatoa amri: atakuja Nyeri, na Githinji atakuja naye, abebe mzigo, na asikie kwa masikio yake mwenyewe litakalosemwa. Kuhusu nyumba ambayo mkwe hakuja kuisimamisha, akasema hilo atalimaliza na mwenye mgongo.

Meru hadi Embu, kwa matope

Ningependa turudi kwa njia ya Nanyuki niliyoijua. Mzee akakataa. Alikuwa ameuona mlima kutoka Nyeri na kutoka Meru, na hakutaka kufa bila kuuona ubavu wa Chuka. Nikamkumbusha Ijumaa. Akasema Ijumaa haina miguu, itangoja. Mtu aliyenizaa mara moja kwa kondoo nitamfanya nini?

Kwa hiyo tukapanda basi la Embu. Njia ile ni mabonde juu ya mabonde, unashuka mtoni, unavuka, unapanda, unashuka mto mwingine. Mvua ilikuwa imetangulia. Kwenye bonde moja kabla ya Chuka basi likazama mpaka tumboni. Wanaume wakasukuma, wanawake tukasukuma, kasisi mmoja akavua viatu akasukuma pia akiomba kwa sauti, na basi likazama zaidi. Konda akatangaza tutangoja trekta. Trekta la nani, hakusema.

Nilikuwa na hasira ya kulia. Lakini nikatazama kando ya barabara nikaona migomba. Migomba mpaka juu, imefungamana na kahawa chini yake, kama kwetu kabisa. Sijui nilisahau vipi kwamba huku nako kuna watu wenye akili. Nikapanda kwenye nyumba ya karibu, nikamkuta mama na sufuria kubwa ya mazishi, ile ya kupikia watu wengi. Nikamwomba ndizi mbichi. Mzee alikuwa amebeba paja la mbuzi la kumpelekea mkwe. Nikalikata lote.

Niliwapikia ndizi kwa nyama kama mama yangu alivyonifundisha, zimelainika mpaka mchuzi ni mzito. Mzee Muriithi alisimama pale akisema ndizi ni ya kuchoma, haipikwi na nyama, nitawaua watu. Kisha akala, akanyoosha sahani, akala, akanyoosha tena. Kasisi alilamba kidole gumba akidhani hatumwoni. Abiria wote walikula, na dereva, na mwenye trekta alipofika akala kwanza ndipo akatoa mnyororo.

Githinji alikuwa hajanisemesha tangu nyumbani kwao. Walipokwisha kula aliichukua ile sufuria, akashuka nayo mtoni, akaisugua kwa mchanga. Mwanamume wa Kikuyu, mbele ya watu. Aliporudi akaketi kwenye jiwe karibu nami.

"Mama yako wa Rombo bado yuko?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Barua hazipiti. Labda yuko, labda walimzika na mimi nauza ndizi sokoni bila habari. Githinji alikaa akivunja kijiti vipande vidogovidogo, mpaka basi lilipotoka.

Embu hadi Ijumaa

Embu tulifika Alhamisi jua limezama, tukalala kwa muumini mmoja wa kanisani aliyemjua yule kasisi. Alfajiri mzee alikuwa amekwisha kusimama nje anautazama mlima. Akaniita nije nione. Kutoka huko meno yale yanaonekana mawili tu, na jua linayapiga kwanza. Nikakiri kwamba si mbaya. Kwa huo ukarimu wangu tulichelewa gari la kwanza.

Tulichukuliwa na pikapu ya mchele wa Mwea, mzee mbele, mimi na Githinji juu ya magunia. Karatina tukala mukimo wa viazi na mahindi tumesimama. Tulipoingia Nyeri watu walikuwa wameanza kufunga maduka, na Baba Ndirangu alikuwa kwenye ngazi ya ofisi, katika koti la Krismasi, amekuwa pale tangu asubuhi. Alipomwona mkwewe mgongo ulinyooka kabisa. Mzee akamsalimu kwa heshima zote, akamwambia wataongea baadaye.

Yule afisa alikuwa anakusanya vitu vyake. Alituangalia, matope mpaka magotini, akakaa tena. Nilimpenda kwa hilo.

"Mzee, mama huyu unamjua?"

"Ni msichana wangu."

"Na huyu ndiye alimwoa?"

Mzee akamtazama Baba Ndirangu toka juu mpaka chini. "Ndiye. Alikata bega kama kuni. Kila mtu aliona."

Afisa alijaribu kutocheka. Mambo yalikuwa yanakwenda kama mafuta. Akauliza swali moja zaidi, la adabu tu, kama mzee ndiye aliyenilea. Na mzee, akiwa amejaa fahari, akajibu, "Nimemzaa mimi."

Afisa akaweka kalamu chini. Akasema kama nimezaliwa na mzee huyu basi mimi ni mtu wa nchi hii, na mtu wa nchi hii hapewi pasi ya mgeni. Na kama nilidanganya miaka yote kwamba natoka Tanzania, hilo ni shauri lingine, tena kubwa.

Nikamgeukia mzee, nikamwambia kwa Kikuyu amweleze kijana habari ya kondoo, kwamba nilikuja nikiwa mtu mzima. Kila mtu wa umri wake angeelewa, lakini kijana amelelewa mjini. Mzee akatikisa kichwa.

"Siwezi kusema sikumzaa," akasema. "Nikisema hivyo leo, anatoka hapa na karatasi, lakini anatoka bila baba. Niliapa kwa kondoo. Aandike vile anataka."

Afisa akawa anafunga faili, si kwa hasira, kama mtu anayefunga mlango wa duka. Baba Ndirangu alishika mkono wangu, kitu ambacho hafanyi mbele za watu.

Ndipo Githinji akasogea mbele, kofia mkononi.

"Bwana afisa, mimi nilikuwako siku dada yangu alizaliwa," akasema. "Nilikuwa nachunga mbuzi. Huyu alizaliwa akiwa na meno yote. Alikuja na lori kutoka Moshi, na alikuwa amevaa viatu nyekundu. Wakamtoa hizo viatu ili azaliwe, na mimi nikazichukua nikavaa, nikaenda nazo kwa mbuzi. Sijawahi kuona kitu mzuri kama hizo viatu. Baba hadanganyi. Amemzaa. Lakini alikuja kwanza, ndiyo akazaliwa."

Afisa akatazama miguu yangu, ambayo ilikuwa kwenye viatu vya mpira vilivyopasuka. Akamtazama mzee, na mzee akakubali kwa kichwa, kwa sababu katika maneno ya mwanawe hakuna mahali palipomkana mtoto. Afisa akauliza polepole kama kondoo huyo alikuwa wa rangi gani. Baba, mkwe na mwana wakajibu pamoja kwamba alikuwa na madoa, kisha wakabishana kuhusu mkia.

Akagonga mhuri. Akasema mara nyingine aletwe huyu wa viatu.

Uani kwangu

Mzee alikaa kwetu mpaka alipochoka na kelele za wajukuu. Yeye na Baba Ndirangu waliongea baadaye, kama alivyoahidi, na mwezi ujao mume wangu anakwenda Meru kusimamisha ghala, mgongo na yote. Nimemwambia akifika Nanyuki apite kwa yule mama wa chai ya moshi, asiseme lolote kuhusu sufuria.

Siku ya kuondoka Githinji alizunguka nyuma ya jikoni akasimama mbele ya sale yangu. Akaomba kijiti. Nikamkatia, nikakifunga kwa gome bichi la mgomba, nikamuuliza atakipanda wapi. Akafikiri. Akasema mlangoni, mbali na mpaka, ili jirani asijisumbue.

Lori la maziwa likaja. Mzee akapandishwa mbele, Githinji akaruka juu kati ya mitungi, kijiti kifuani. Lilipoanza kuondoka akaniita kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima, akauliza, "Dada, zile viatu bado uko nazo?"

Nikamwonyesha kwa mkono nyuma yangu. Manka mdogo alikuwa anakuja kutoka mlangoni, ameshika ukuta, amezitumbukiza nyayo zake ndani ya viatu vyekundu vilivyokwisha rangi, anavikokota uani, na vifungo vinalia.